Waifai ya mpakato imekufa na waranti iko Dubai: adapta ya USB, kubadili kadi, au kuirudisha?

BintiMagomeni
Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie kuamua, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Mashine yangu kaka aliniletea kutoka Dubai mwezi wa nane mwaka jana. Ni Ryzen 5 (prosesa ya AMD, siyo Intel), Windows 11. Wiki mbili zilizopita waifai ilianza kupotea kila nikifunua mashine, nikiristati inarudi. Jumanne ikaondoka moja kwa moja. Kwenye Device Manager kadi ina kipembetatu cha njano na maneno Code 10. Cha ajabu, bluetuthi ni nzima, spika inaimba kama kawaida.

Waranti ni ya mwaka mmoja, imebaki miezi mitatu. Nikaenda kwa mawakala wao hapa Dar, kijana akaingiza namba ya mashine akasema hii ni ya kanda ya Ghuba, hawaigusi mpaka nilipie. Nikawaandikia Dubai. Siku sita nzima wananiambia nisasishe draiva, ile programu inayoendesha kadi. Nimesasisha mara nne! Sasa wanasema niifikishe kituoni kwao, itakaa siku 10 hadi 15 za kazi. Mimi nafanya hesabu za maduka matatu kwa mashine hiyohiyo.

Kwa hiyo: nimpe mtu anayesafiri aipeleke Dubai? Ninunue kaadapta ka USB Kariakoo, nimeambiwa 25,000? Au nimpe fundi abadilishe kadi? Huyo anataka 120,000 na hataki kusema anaweka kadi gani.

Kibuyu77
USB. Mada imeisha. Yangu niliinunua 18,000, huu mwaka wa pili, hata sikumbuki kama mashine ilikuwa na kadi.

MzeeWaLehemu
Kibuyu punguza mbio. Dada, kabla hujatoa hata senti, fanya hivi: shikilia Shift wakati unabofya Shut down, maana bila hivyo Windows huwa haizimi sawasawa, inajiwekea akiba ya kuwaka haraka. Chomoa chaja. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na usiachie kwa sekunde 30. Ukiristati kawaida ile kadi haikatiwi umeme, kwa hiyo ikiganda inaendelea kuwa imeganda. Nimeona nyingi zimefufuka kwa njia hiyo bila hata bisibisi.

BintiMagomeni
Mzee wangu, imerudi! Nimepiga vigelegele mwenyewe chumbani.

BintiMagomeni
Nimeshangilia mapema. Imekaa dakika arobaini, imeondoka tena. Nimerudia, safari hii haikurudi kabisa. Je, si waya umekatika kwenye bawaba? Maana ilianza nikifunua.

MzeeWaLehemu
Wazo zuri lakini sidhani. Ni kweli antena zimo kwenye fremu ya kioo na nyaya zake hupita kwenye bawaba. Ila waya ukikatika, kadi inabaki hai, inalalamika tu mtandao hafifu: unaona rauta ukiwa nayo chumba kimoja, ukitoka sebuleni huioni. Code 10 ni kadi yenyewe kushindwa kuwaka. Ukifunua mashine inaamka usingizini, na kadi dhaifu inashindwa kuamka nayo.

Na bluetuthi isikudanganye. Kadi ni moja lakini inaongea na mazabodi kwa njia mbili: waifai inapita PCIe, njia ya data ya ndani ya mashine, bluetuthi inapita nyaya za USB zilizomo ndani ya tundu hilohilo. Mguu mmoja unaweza kupooza mwingine ukatembea.

Bado tumtenge draiva tusije tukamsingizia. Tengeneza flashi ya Ubuntu, mfumo wa Linux wa bure, iwashe mashine kwa hiyo flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha. Fungua terminal, dirisha la kuandika amri, uandike lspci: inaorodhesha vifaa vilivyoungwa kwa PCIe. Kadi isipotajwa pale, Windows haina kesi ya kujibu.

ShamteWaDarajani
Wakati mnaendelea na vipimo, dada afanye kazi. Chukua simu ya Android, iunge kwenye waifai ya nyumbani, ichomeke kwenye mashine kwa waya wa chaji, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti washa ile ya kushiriki kwa USB. Simu nyingi hupitisha waifai hiyohiyo, bando lako haliguswi. Miye nilikaa hivyo mwezi mzima wa Ramadhani, tatizo ni moja tu: ukisimama na simu, umesimama na intaneti.

Chapakazi_Nbo
Pole dada. Kwa hizi adapta za USB niongee kidogo, kwa sababu nimenunua tano Luthuli hapa Nairobi na mbili ndizo zilinifaa.

Zile ndogo kama kucha huwa za masafa ya 2.4 GHz pekee. Kwenye boksi wameandika 150 Mbps. Toa nusu, kisha toa tena kama unaishi fleti yenye rauta ishirini, kwa sababu kwenye 2.4 njia zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kwa barua pepe na Excel inatosha kabisa. Kwa mkutano wa video, jioni wakati majirani wote wamerudi, utalia.

Jambo la pili watu hawalijui. Ukiichomeka kando ya diski ya nje ya USB 3.0, mtandao unadhoofika, kwa sababu USB 3.0 ikifanya kazi inatoa kelele katika masafa hayohayo ya 2.4 GHz. Tafuta waya mfupi wa kurefushia USB, isogeze mbali na mashine hata kwa shubiri moja. Mimi nilikuwa karibu kuirudisha dukani kumbe shida ni diski.

Ukinunua, nunua yenye 5 GHz na uulize chipu, usiulize jina la boksi. Majina yanabadilika kila wiki, chipu ndani ni zilezile. Kwa wanaotumia Linux, MT7612U draiva yake imo ndani ya kernel, kiini cha Linux, tangu toleo la 4.19, unachomeka na kuendelea. Nyingine zitakufanya ukeshe unatafuta draiva iliyoandikwa na mtu asiyejulikana.

Kwa hiyo simpingi Kibuyu. Ila ya 18,000 siyo kila mtu itamfaa.

Kibuyu77
Mimi intaneti ya nyumbani ni 10 Mbps jamani. Hata mkinipa kadi ya NASA itabaki 10.

Chapakazi_Nbo
Hapo umenishinda 😂

MpwaWaRuwi
Niko Muscat, waranti za Ghuba nazijua. Dada, soma ile karatasi: kama imeandikwa ni ya kanda, huyo kijana wa Dar hakukuonea, ni sheria waliyopewa. Ile ya kimataifa ndiyo husafiri na mashine. Ukiamua kumpa msafiri, ahakikishe ana risiti halisi, aache mashine kwa karatasi ya mapokezi yenye namba, na wewe utoe data zako zote kabla. Kituo wakiona inafaa kufuta diski wanafuta, fomu unayosaini inawaruhusu. Hesabu za maduka matatu usiziache humo.

Na kuna jambo la uaminifu: anayepeleka leo siye atakayechukua. Siku 15 za kazi ni wiki tatu, msafiri wako atakuwa amesharudi.

Fundi_Asiyekopesha
Mpelekeeni malalamiko FCC, Tume ya Ushindani si ndiyo kazi yake?

MpwaWaRuwi
Kwa kitu kilichouzwa Tanzania, sawa, sheria ya 2003 ipo. Hiki kimeuzwa Dubai, hapo Dar hana muuzaji wa kumshitaki.

BintiMagomeni
Nimefanya ya Ubuntu. lspci inataja kila kitu isipokuwa kadi ya waifai. Hata jina haitajwi. Basi ni maiti?

MzeeWaLehemu
Au imelegea kwenye tundu. Itabidi ifunguliwe kwa vyovyote. Kwanza tafuta mwongozo wa kuifungua wa modeli yako, watengenezaji wengi wakubwa wanauweka kwenye tovuti zao. Ukiona wanaonyesha hatua ya kutoa kadi ya waifai, furahi, inatoka. Mashine nyembamba sana kadi huwa imelehemiwa kwenye mazabodi, hapo bila bloa ya hewa moto na mkono mtulivu hapana kitu, na ningekuwa wa kwanza kukwambia nunua USB.

BintiMagomeni
Mwongozo upo, kadi inatoka. Skrubu kumi za chini na moja ya kadi. Ila je, nikifungua waranti si inakufa?

MpwaWaRuwi
Angalia kama kuna stika juu ya skrubu. Kama haipo na wao wenyewe wamekuchorea namna ya kufungua, kufungua peke yake si kosa. Kuvunja kitu ukiwa ndani ndilo kosa.

BintiMagomeni
Stika haipo. Kwa hiyo ninunue kadi gani? Leo nimepita Kariakoo, duka la kwanza ameniletea AX201, anasema ni ya Intel halisi, 40,000, ya mwisho.

MzeeWaLehemu
USINUNUE. Samahani kwa kelele.

AX201 ni nusu ya kadi. Nusu nyingine, ile inayofanya akili, imo ndani ya chipseti, chipu kuu za mazabodi, ya mashine za Intel. Ukiiweka kwenye Ryzen inaingia vizuri kabisa, skrubu inafunga, halafu kimya. Muuzaji naye hakudanganyi, hajui tu.

Unayotaka ni AX200 au AX210. Hizo ni kadi kamili, zinaongea PCIe ya kawaida. Katika hizo AX, iliyoishia na 0 weka popote, iliyoishia na 1 ni ya Intel peke yake. Usiipeleke kanuni hiyo mbali: 9560 ya zamani inaishia 0 na ni nusu kadi vilevile. Wala usishawishike na BE200 kwa sababu ni mpya, wenye Ryzen wengi imewagomea. Ukikosa Intel, MT7922 ya MediaTek ni mwenyeji kwenye mashine za AMD.

Umbo ni M.2 2230, yaani milimita 22 kwa 30. Wenye mashine za miaka kumi na zaidi wanaosoma hapa, nyie sio hawa: zenu ni mini PCIe, vichwa vya antena ni vikubwa zaidi, na baadhi baiosi yake inakataa kadi isiyo kwenye orodha yake.

Kibuyu77
Mzee, 25,000 anachomeka anaendelea na maisha. Nyie mnampeleka kufungua skrubu kumi na moja.

MzeeWaLehemu
Ana matundu mawili ya USB. Moja kipanya, moja flashi ya wateja. Yako unaiweka wapi?

Kibuyu77
Haya, haya.

BintiMagomeni
Wakuu, mrejesho. Nimepata AX210 kwa 65,000, duka la tatu. Niliuliza "hii ni ya AMD?" wakaniangalia, nikaonyesha maandishi ya mzee kwenye simu, wakanipa.

Kufungua: skrubu sawa, kifuniko ndicho kilinitoa jasho, kina meno ya plastiki pembeni. Nimetumia kadi ya bima iliyoisha muda kupita pembezoni taratibu. Nimechomoa betri kwanza. Kadi ya zamani, ilipotoka skrubu ilijiinua yenyewe ikakaa mshazari kama mtu anayeamka kitandani. Niliirudisha kwanza nikaijaribu, kama mzee alivyosema labda imelegea. Haikuwa imelegea. Imekufa.

Vile vichwa vya antena ni vidogo kama mbegu ya ufuta! Nilipiga picha kabla ya kutoa: mweusi kwenye 1, wa kijivu kwenye 2. Kuvirudisha nimejaribu kama mara nane vinateleza. Nikaacha kusukuma, nikakilaza juu kwa kibanio cha nyusi mpaka kikakaa katikati, ndipo nikabonyeza kwa ukucha wa gumba. Kinatoa mlio, tak. Usiposikia tak hakijaingia.

Windows haikuitambua papo hapo, nikachomeka simu kama alivyosema Shamte, ikashusha draiva yenyewe. Kifurushi cha nyumbani ni 20 Mbps, napata 19 hata chumba cha nyuma. Nimeifunika na kuifunua mara kumi makusudi. Ipo.

Chapakazi_Nbo
Hongera dada! Sasa wewe ndiye fundi wa mtaa, jiandae.

MpwaWaRuwi
Hongera. Hiyo kadi mbovu usiitupe. Miezi mitatu ya waranti bado ipo, kioo au mazabodi ikisumbua na ukapata mtu wa kuipeleka, rudisha kadi ya zamani ndani kwanza. Wakikuta isiyo yao wanapata sababu.

BintiMagomeni
Ipo kwenye kopo la vifungo la mama. Nimeiandikia MBOVU kwa kalamu, maana mdogo wangu ameshaiona akauliza kama inauzika.