Majirani Barabara ya 12: chogo la Bi Mwanaidi

*Bi Mwanaidi:* Hamjambo wanangu. Mie nina chogo, TV ile ya zamani ya mgongo mkubwa, hapa stoo, hata walipozima analojia 2013 liliendelea na king'amuzi, mwaka juzi likapiga paa! kimya mpaka leo. Na pasi mbili, redio kaseti ya marehemu, na simu mbovu za wajukuu mfuko mzima. Kijana wa skrepa kasema vyote buku mbili. Nimpe?

*Salim:* Shkamoo bibi, USIMPE. Yule anataka shaba tu ile koili ya nyuma, akishaing'oa kioo anakipasua anatupa mtaroni

*Mama Shani:* Ndo haohao wanaochoma nyaya nyuma ya gofu jioni jamani, juzi nimeanua nguo zanuka plastiki tupu na mtoto kakohoa usiku kucha

*Fundi Hamza:* Kioo cha chogo kina risasi, si ya bunduki 😂 madini yale ya kwenye betri za gari. Halafu asifungue asiyejua, linabaki na umeme hata ukichomoa soketi, mie lishanirusha nikiwa najifunza kazi

*Bi Mwanaidi:* Kha! Sasa nilipe hela kulitupa?

*Fundi Hamza:* Hapana bibi. Pasi na redio niletee bure, spika na transfoma ntatumia, bodi naweka kiroba chake. Chogo ntatoa bodi na koili, ila kioo sikivunji na hakina mnunuzi hapa Tanga nisikudanganye. Dar ndo kuna wenye kibali cha NEMC, wale wa mazingira, kupokea taka hizi, kanuni za taka za elektroniki zipo toka 2021

*Mama Shani:* Dar?? nauli ya chogo inazidi chogo lenyewe

*Mwl Rukia:* Shemeji yangu ana fuso inaleta mzigo huku, kurudi Dar huwa nusu tupu. Tukikusanya mtaa mzima tunamtoa hela ya soda na ya wapakiaji tu, kila nyumba inachanga kidogo. Ila wenye kibali tuwapigie kwanza wakubali na vioo, isije fuso ikarudi navyo. Mie nina deki na feni

*Salim:* Mimi nina simu betri imevimba kama andazi

*Fundi Hamza:* Usiitoboe!! wala usiichaji, hiyo yashika moto. Weka kwenye kopo la mchanga mkavu nje, mbali na jiko. Na simu zote toeni laini na memori kadi, inayowaka futeni kila kitu kwanza

*Mama Shani:* Salim wewe ndo ufute vizuri 🤣

*Salim:* 😶

*Mwl Rukia:* Basi Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwa Fundi. Salim kambebee bibi chogo

*Salim:* Mwalimu lile la inchi 29 mie na nani??

*Bi Mwanaidi:* Njooni wawili nitawapikia. Ila redio nimeghairi, nimeitia mawe mapya sasa hivi inashika TBC Taifa