Pedali ya breki ya Sienna imekuwa laini, msaada jamani

Habari zenu wana Minnesota. Nina Sienna ya 2004 ndo inayobeba watoto wangu, tangu juzi pedali ya breki imelegea kama nakanyaga mto, nikipampu mara mbili tatu inakaza. Gereji moja wamesema masta silinda (pampu kuu ya oili ya breki) imekufa, dola 700, na hawajafungua hata tairi moja. Kesho nina zamu ya asubuhi, nifanyeje?

----

Pole sana dada. Kesho omba lifti, hiyo gari isitoke hapo ilipo mpaka ijulikane tatizo, watoto ndo kabisa wasipande.

Sasa hapo unaposema ukipampu inakaza ndo panapofanya nisiikimbilie masta, maana hivyo hivyo inakuwa kama kuna hewa kwenye paipu au brekshuu (vile vipande vinavyosugua kusimamisha tairi) za dramu za nyuma zimelika hazijarekebishwa. Fanya hivi, gari ikiwa imepaki washa injini, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida usiachie, hesabu mpaka 30. Ukiwasha huku umekanyaga, pedali itashuka kidogo mara moja, hiyo ni busta (kile kinachoongezea nguvu mguu wako) inafanya kazi yake usiogope. Ila ikiendelea kuzama polepole mpaka chini ujue ama oili inavuja nje ama inapita ndani ya masta, na masta tunaihukumu tukishakagua nje kote tukakuta pakavu.

Halafu fungua boneti uangalie kikopo cha oili ya breki, kama iko chini ya MIN usijaze tu ukaondoka, imeenda wapi? Na ukija kujaza ni DOT 3, jamani msiweke haidroliki wala oili ya injini, raba zote zinavimba unaanza upya. Kisha chukua tochi ulale chini umulike paipu za chuma zinazoenda nyuma. Huku kwetu chumvi ya barabarani wakati wa snoo inazila hizo paipu, yangu niliikuta imevimba kutu kama gome la mti, nimeigusa na kidole kikarudi na unyevu. Mulika na upande wa ndani wa kila tairi.

----

Asante kaka. Nimehesabu, kufika 20 pedali ilikuwa karibu na kapeti. Kikopo kiko chini ya MIN. Paipu zina kutu ila kavu, lakini tairi la nyuma kushoto kwa ndani pamelowa, vumbi limekuwa tope jeusi linateleza.

----

Basi hiyo ni wili silinda dada, ile pampu ndogo ya breki ndani ya tairi, masta muiache kwanza. Nunua wili silinda mbili, kulia na kushoto, na brekshuu seti nzima kwa sababu zilizolowa oili hazisafishiki zikarudi kushika sawa. Jumamosi niko off nakuja na jeki, stendi na spana, kijana wako mkubwa atanikanyagia pedali nikiblidi, yaani nikitoa hewa kwenye paipu. Nitaweka kipande cha ubao chini ya pedali isifike mwisho kabisa, masta ya miaka yote hiyo ukiisukuma mpaka kule ambako haijawahi kufika, raba zake zinachanika kwenye kutu na hapo ndo utainunua kweli. Tukimaliza tutahesabu tena mpaka 30.