Mpelelezi wa kulipwa na vifo vya zamani: tumkubali au tumkatae?

Ndugu zangu wa Bukavu, naleta hoja hii tuijadili bila kutukanana. Kuna familia zinazomtafuta mtu binafsi, mara nyingi polisi aliyestaafu, zikamlipa afuatilie kifo cha miaka mingi ambacho hakikueleweka. Wazee wengi wanapinga: marehemu aachwe apumzike, ukichokoa ya kale utawagombanisha hata watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Mimi naunga mkono kazi hiyo, ila kwa masharti.

Wanaopinga wanasahau kwamba familia haikukaa bila jibu. Ilipewa jibu kilio kikiwa hakijaisha: karuho, yaani sumu ya kutiliwa kwenye chakula au kinywaji. Na jibu hilo huja na jina la mtu, lililotoka kwa mfumu, yaani mganga, au kwa nabii wa chumba cha maombi. Mwaka 2021 huko Kalehe, humu Kivu Kusini, wanawake waliuawa baada ya wale wanaoitwa bajakazi, watabiri wanaodai kuwatambua wachawi, kuwataja kuwa walozi. Nani aliwauliza bajakazi waliona nini, saa ngapi, wakiwa wamesimama wapi?

Nachukua nyumba moja ya Kadutu, hapa mjini, ninayoijua. Ndugu wawili walilala wazima, asubuhi wakakutwa wamekufa. Shangazi yao ndiye aliyepika jioni ile, basi ikawa karuho, akafukuzwa, akarudi Walungu na mzigo wake kichwani. Miaka ikapita. Mwanawe alipopata kazi akamlipa mpelelezi. Mpelelezi huyo hakuanza na nani alimchukia nani. Aliuliza habari za chumba: dirisha liko upande gani, mvua ilinyesha, nani alifungua mlango. Majirani watatu, kila mmoja akihojiwa peke yake, walimweleza jambo lilelile: asubuhi ile mbabula, jiko la makaa, ilitolewa chumbani, majivu yangali na joto, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa nguo kwa ajili ya baridi. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Tena chakula cha shangazi kililiwa na nyumba nzima. Hilo lilijulikana tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyetaka kulisikia.

Wengine wanasema ni pesa ya bure, kwa kuwa sheria imeshafunga mlango. Ni kweli, kanuni ya adhabu ya Kongo inaweka miaka 10 kwa makosa makubwa, mauaji yakiwemo. Muda huo ukiisha, parke, ofisi ya mwendesha mashitaka, haimshitaki mtu tena. Lakini shangazi hakutafuta mtu wa kufungwa. Alitaka aweze kuketi kwenye kilio cha kaka yake bila watu kuficha sahani zao.

Sasa masharti. Mpelelezi alipwe kwa kazi, asilipwe kwa jina. Ukimwahidi nyongeza akimpata mkosaji, atampata tu, hata kama hayupo. Na mauaji ya vita asiyaguse kwa jembe. Jinai dhidi ya ubinadamu hazina ukomo wa muda, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 ilitaja matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya 1993 na 2003, mengi yakiwa hayajafika mbele ya hakimu. Familia ikifukua kaburi la pamoja, imeharibu ushahidi wa kila aliyelala humo. Huko mpelelezi aandike maneno ya mashahidi wazee kabla hawajatutoka, kisha amkabidhi avokati, yaani wakili.

Panaponitia hofu ni hapa: akigundua kwamba kweli mtu aliuawa, muuaji yu hai, anakaa kartiye (mtaa) ileile, na miaka 10 imeshapita. Mimi nasema jina lisitajwe kwenye kikao cha ukoo. Walijue wazee wawili na avokati, basi. Mnaotaka litajwe mbele ya wote, nielezeni mtawazuiaje vijana wa kartiye usiku huohuo.