Mwanangu ni mtundu, si mgonjwa. Acheni kuwanywesha watoto dawa ya mafua ili walale!

Wakuu, naandika hapa nina hasira, mnivumilie.

Nina mtoto wa kiume, ana miaka miwili na miezi minne. Tupo Mbeya, Ilomba, nyumba ya kupanga, uwanja mmoja na wapangaji wengine watatu. Baba yake ni dereva wa lori, wiki nzima yuko njia ya Tunduma. Mtoto hatulii. Nikiinama kuchambua mchele, keshatumbukiza viatu kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Rimoti niliikuta ndani ya debe la unga baada ya siku tatu. Juzi kapanda stuli, kutoka stuli kapanda meza, nakuta anavuta waya wa pasi, na pasi ya moto. Nililia siku ile.

Lakini sikuja kumlalamikia yeye. Nawalalamikia watu wazima.

Jumanne nimerudi kutoka Mwanjelwa saa nane mchana, nyumba kimya. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, jiko la mkaa liko ndani linawaka kwa sababu ya baridi hii ya Julai. Mtoto kalala chali kwenye kochi, kalegea. Namwita, anafumbua jicho, analifumba. Namtikisa, kichwa kinaanguka. Nikamtoa nje hapo hapo, ndipo dada wa kazi akaanza kulia: "Nilimpa ile dawa ya maji ya mafua. Mama wa chumba cha pili kasema ukimpa anatulia, unafanya kazi zako." Mafua mtoto hana! Na hakupima hata kwa kijiko, alimimina kwenye kifuniko.

Nikamfunga mgongoni, bodaboda mpaka hospitali. Walikaa naye mpaka usiku ndipo akachangamka. Nimeambiwa dawa zile za kulevya usingizi zinaweza kumpunguzia mtoto mdogo pumzi, na mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ambayo huioni wala huinusi, inaua watu wamelala. Sasa unganisheni hayo mawili. Mtoto ambaye hawezi hata kuamka alie!

Marekani mamlaka yao ya dawa ilionya tangu 2008 kwamba dawa hizi za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti asipewe mtoto wa chini ya miaka 2. Baadaye watengenezaji wenyewe wakaandika kwenye chupa, chini ya miaka 4 asipewe. Mimi hiyo chupa ninayo hapa. Niliinunua mwenyewe mwezi wa tano, nilipokuwa naumwa, na muuzaji hakuniuliza kama nyumbani kuna mtoto. Kuiacha juu ya kabati la chini ni kosa langu, nimeshalirekebisha.

Nilipomfuata yule mama anajibu, "Mbona wangu wote walikunywa na wamekua?" Bila hata pole. Mwenye nyumba naye kaja: mtoto anyamaze au nihame. Mwingine ananishauri nimfunge kamba mguuni, mwingine nimpeleke akaombewe ana mapepo. Mapepo gani? Mtoto wa umri huu anajifunza kwa kushika, kupanda na kumwaga. Anayekaa kimya kutwa nzima ndiye wa kumkimbiza hospitali.

Dada simlaumu sana, ni mgeni mjini, aliambiwa na mtu mzima akaamini. Nimemkalisha nimemweleza. Lakini nyie mlioishi miaka na mnajua mnachokifanya, mnawalaza watoto wa wenzenu kwa dawa ili mpate kufua, mimi siwaelewi kabisa.

Anayemjua fundi hapa Mbeya wa kunitengenezea kigeti kidogo cha mbao cha kuzuia mlango wa jikoni, aniambie na bei yake. Wa "mpe kijiko kimoja tu" msiniandikie.