Katuni za kupigana zinamharibu mtoto au nazisingizia tu?

mama_wawili: Wakuu naombeni ushauri, mwanangu ana miaka 6, akimaliza tu kuangalia katuni za kupigana anamrukia mdogo wake mateke, jana kamkaba shingo kabisa huku anatoa ile sauti ya kwenye tivii, mwenzie analia yeye anacheka. Nizime tivii moja kwa moja?

mwalimu_T: Pole sana dada. Watoto wanaiga, hilo halina ubishi. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichukua watoto 72 wa miaka 3 hadi 6, baadhi wakamwona mtu mzima anampiga mwanasesere wa upepo kwa nyundo, walipoachwa na huyo mwanasesere wakafanya vilevile mpaka maneno wakayarudia, na 1963 alipotumia filamu ikawa hivyohivyo. Ila mwanasesere sio mtu, hapo ndo watu wanabishana mpaka leo.

baba_kijana: Mi wangu ana 15, anacheza magemu ya bunduki kila siku na hajawahi kupigana na mtu. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani mwaka 2020 kilisema ushahidi hautoshi kuyahusisha magemu na ukatili wenyewe, uhusiano mdogo wanaoukubali ni na vitu kama kufoka na kusukumana. Wewe cheki na usingizi wa huyo mwanao, na kama wakubwa mnagombana mbele yake, maana na hiyo ni sinema anaiangalia bure.

mama_wawili: Asanteni jamani. Kweli huwa namwacha aangalie peke yake mi niko jikoni. Leo nakaa naye, nimuulize yule anayepigwa anaumia wapi.