Mrejesho: antena ya kiraka ya gigahezi 2.45
Ndugu zangu, niliuliza kwa nini antena yangu ya kiraka (bamba bapa la chuma juu ya bamba jingine), niliyoichonga kwenye bodi ya FR4 (bodi ya kawaida ya saketi, ya nyuzi za kioo) hapa Jinja, ilikuwa na geini (uwezo wa kukusanya mawimbi upande mmoja) ndogo mno. Mkanieleza kwamba bodi hiyo hupoteza nishati nyingi, nami nijaribu kuacha hewa tu chini ya kiraka badala ya bodi. Nimekata bamba la shaba la takriban milimita 55 na kuliinua kwa vipande vya plastiki, na nguvu ya mawimbi inayopokelewa ng'ambo ya Nile imeongezeka kwa desibeli 5, jambo lililonifurahisha sana. Kazi ngumu ilikuwa kutafuta mahali pa kuunga waya, kwa maana kila nilipousogeza kuelekea katikati ya bamba impidansi (ukinzani ambao antena huuonyesha kwa waya) ilipungua, mpaka ikakaribia omu 50 nilizohitaji ili ilingane na waya. Sasa naandaa viraka vinne vya kufanya kazi pamoja, ambavyo kinadharia vitaongeza desibeli 6 kuliko kimoja.