Csus4 kwenye ukulele, uzi wa A unakufa kila nikiishika

kidole_kizito:
Wakuu habari zenu, nina kama miezi miwili na ukulele, chord za C, Am, F na G nazipiga bila shida, sasa kuna wimbo najifunza una chord ya Csus4 katikati na hapo ndo nimekwama. C naishika na kidole cha pete, uzi wa A freti ya 3 (nafasi ya tatu kati ya vyuma vya shingo), nikiongeza cha shahada uzi wa E freti ya 1 basi uzi wa A unatoa "tk" tu kama nagonga meza. Halafu hii sus ni meja au maina? Mbona inasikika kama haijamaliza kusema

nyuzi4:
Hiyo "tk" ni cha shahada kimelala kinaugusa uzi wa A. Kisimamishe, shika kwa ncha kabisa, kata kucha, na gumba lirudi nyuma ya shingo lisichungulie juu. Alafu usipige zote kwa pamoja, dona uzi mmoja mmoja, utasikia G, C, F, C, ukikosa moja ujue hapo ndo kwenye ugonjwa.
Sio meja wala maina. C ni C, E, G, na E ndo inayoamua. Itoe weka F umepata sus4, weka D ni sus2. F iko nusu hatua tu juu ya E ndo maana sikio linaisubiri irudi

mzee_wa_freti:
Mi ningemwambia aanze na G. Ishike 0232 kama kawaida (namba ni freti za nyuzi G, C, E, A kwa mpangilio, 0 ni uzi usioshikwa), cha mwisho kidondoshe uzi wa A freti ya 3, basi, Gsus4. Cha kati usikinyanyue!! Na usishangae ukikuta 0233 hiyohiyo imeandikwa Csus2, noti ni zilezile

nyuzi4:
Mkuu kidole cha mwisho cha mtu wa miezi miwili unakijua lakini? 😂 Bora A, 2100, cha pete kiongezee uzi wa C freti ya 2 mbele ya cha shahada, hiyo Asus4

kidole_kizito:
Kumbe ni gumba jamani, nilikuwa nalikumbatisha shingo lote. Noti ya F inalia sasa, na uzi wa A unalia. Ila kurudi C nachelewa, cha shahada kinaruka mbali

nyuzi4:
Kilegeze tu, kibaki juu ya uzi bila kuugusa. Sus pigo mbili, C pigo mbili, polepole mpaka uchoke